Mkwe Wangu na Maji ya Udhu

Jumatatu, 5 Oktoba

Kwa jina la Yule anayeshusha mvua na kuipa kila mbegu saa yake, naanza kuandika haya. Sina jambo kubwa la kusema. Nyumba imekuwa kimya tu, nami nimezoea kuwa na mtu wa kuzungumza naye baada ya alasiri.

Mke wangu ameondoka jana. Nyonga aliyoivunja alipoteleza bafuni imeungwa kwa vyuma, na daktari amemkataza kupanda ngazi mpaka ajifunze kutembea upya. Sisi tunakaa ghorofa ya pili. Binti yetu, aliye mji mwingine, anakaa nyumba ya chini iliyo karibu na hospitali. Amemchukua mama yake mpaka mvua zitakapokwisha.

Walipomkalisha garini alishusha kioo, nami nikadhani ataniusia habari ya dawa zangu za presha. Akasema, "Usimsahau mkwe wako."

Huyo mkwe ni mmea. Tulipoanza maisha, mama wa mke wangu alimpa binti yake kipande cha mtambaazi kilichoviringishwa katika kitambaa kibichi, naye akakipanda chunguni, kando ya mlango wa bafu. Leo umepanda ukutani kwa kamba, umepita juu ya mlango, umeizunguka rafu yangu ya vitabu, na ncha yake inaning'inia dirishani. Majani yake yana umbo la moyo, kijani kilichorushiwa njano kama kwa brashi. Mama yake alipofariki, mke wangu alianza kuuita mmea ule Mkwe, kwa mzaha, na mzaha ukageuka jina. Katika miaka yote hiyo mimi sijawahi kuugusa. Nimekuwa nikiupita kwa heshima, kama nilivyokuwa nikimpita mwenyewe alipokuwa hai, macho yakiwa chini.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimepata utaratibu mwema. Walimu wangu walinifunza kutawadha kwa maji machache na kutomwaga kinachobaki, hata mtu awe ukingoni mwa mto. Basi maji yanayosalia katika birika la udhu nampa Mkwe. Hayapotei, naye hasahauliki.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mke wangu amepiga simu baada ya alasiri, na amesema atapiga kila Ijumaa wakati huo. Ametembea kutoka kitandani hadi dirishani, akishikilia chuma cha kutembelea.

"Mkwe wako hajambo?"

"Hajambo. Simsahau hata siku moja."

"Haya. Asante, Mwalimu."

Ananiita Mwalimu, kama wanavyoniita wote niliowasomesha dini. Leo jina hilo lilinipendeza zaidi ya kawaida.

Alhamisi, 15 Oktoba

Mvua mchana kutwa. Nguo hazikauki.

Jumatatu, 19 Oktoba

Majani mawili ya chini yamekuwa ya manjano tupu. Nilimwonyesha mwadhini wetu, ambaye alikuwa amepita kunirudishia mwavuli. Aliyatazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama daktari.

"Una kiu huo, Mwalimu," akasema. "Mti ukikosa maji hufanya hivi hivi. Hata mimi nikifunga, jioni nakuwa na rangi hii."

Nimeongeza kipimo cha maji.

Ijumaa, 23 Oktoba

Simu. Ametembea hadi jikoni na kurudi. Mkwe nimesema hajambo. Majani ya manjano sasa ni mengi, lakini sikuona sababu ya kumtia mgonjwa wasiwasi.

Jumanne, 27 Oktoba

Leo amekuja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ni fundi cherehani, mjane, mwenye kicheko kinachosikika ngazi nzima kabla mwenyewe hajafika. Nakiri kwamba siku zote nimemhesabu kuwa mtu wa maneno mengi na mambo machache. Aliniletea kanzu niliyompa apunguze pindo. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Shemeji, humu ndani kimekufa nini?"

"Hakuna kilichokufa. Karibu."

"Kipo. Usinifiche, mimi nimeishi na panya."

Akaifuata pua yake mpaka kwenye chungu, akachomeka kidole katika udongo, akakitoa kimepakaa tope jeusi. Akainama, akaitazama sahani iliyo chini ya chungu. Ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na juu ya maji kulikuwa na vijidudu vinavyoelea.

"Unamwagilia mara ngapi?"

"Baada ya kila udhu."

"Mara tano kwa siku?"

"Na ya dhuha, asubuhi."

"Na tahajudi je?"

"Usiku namwacha alale."

Alikaa polepole katika kiti cha dada yake. Nilingoja kicheko, hakikuja.

"Umemzamisha mama yangu, Shemeji," akasema. "Mama alikuwa mwoga wa maji, hata kuoga alikuwa akianza na vidole vya miguu. Wewe umemweka mtoni."

Akanieleza kwamba dada yake huchomeka kidole kwanza. Kikitoka na udongo, haumwagilii mmea, hata zipite wiki mbili. Mara ngapi nimemwona mke wangu akichomeka kidole kile, nami nikiinua macho kutoka kitabuni na kudhani anacheza tu?

Tulimwaga maji ya sahani. Shemeji akasema mizizi huenda imekwisha oza, na dawa ni kukata vipande vya juu palipo hai na kuviweka majini viote upya. Kisha mteja wake akapiga simu akidai gauni la harusi, naye akaondoka akisema, "Kata leo leo, usingoje fatwa."

Jumatano, 28 Oktoba

Nilishika kisu cha jikoni, nikakirudisha. Kulikata shina lile niliona kama kumkata mtu kiuno. Nimechagua njia ya adabu: nimechuma majani tu, mazuri mazuri, kila moja na kikonyo chake kirefu, kama mtu achumavyo tunda bila kuudhuru mti. Nimeyatia katika bilauri tano na kuzipanga dirishani. Shina nimeliacha lilivyo. Huenda udongo ukikauka litapona.

Ijumaa, 30 Oktoba

"Mkwe wako hajambo?"

"Yupo mahali pake."

Kila neno la jibu langu lilikuwa la kweli, na jibu lenyewe lilikuwa la uongo. Nimesomesha somo la ukweli katika maneno kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Sikula chakula cha jioni.

Jumanne, 3 Novemba

Mvua. Udongo haukauki. Hakuna kinachokauka.

Jumamosi, 14 Novemba

Alhamdulillahi. Majani matatu katika yale matano ya bilauri yametoa mizizi. Ni nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa cherehani, zinazotoka mwishoni mwa kikonyo. Nimeyainua kwenye mwanga mara nyingi, kila mara nikidhani nimeona vibaya. Jana simu ya mke wangu haikuja kwa sababu ya radi. Wiki ijayo nitamweleza yote kwa pamoja, kosa na tiba yake, na tiba itaifunika aibu.

Jumatatu, 16 Novemba

Naandika mengi leo.

Nilimwita shemeji aje kuona mizizi. Alikuja na mfuko wake wa kazi begani. Alizitazama bilauri moja baada ya nyingine, nami nikasimama kando yake kama mwanafunzi aliyehifadhi juzuu nzima.

"Haya ni majani, Shemeji."

"Yana mizizi."

"Yana mizizi, na yatabaki hivyo hivyo mpaka sote tuzeeke. Jani halizai. Kifundo kiko wapi?"

Sikujua kifundo ni nini. Akanishika mkono, akanipeleka ukutani, akakipitisha kidole changu juu ya shina mpaka kikagota kwenye uvimbe mdogo, pale jani linapoungana na shina. Kando ya uvimbe kulikuwa na kichomozi cha kahawia, kigumu kama ncha ya kiatu cha mtoto.

"Hapa ndipo mtoto anapolala," akasema. "Wewe umechukua mikono, tumbo umeliacha. Utazaa nini?"

"Nilimwonea haya."

"Nani?"

"Mkwe."

Alinitazama, nikaona kicheko kinapanda na kurudi. Kisha akageukia upande wa chungu, na uso wake ukabadilika. Weusi ulikuwa umepanda. Kutoka udongoni ulikuwa umefika usawa wa kiuno changu, na aliposhika shina pale chini lilibonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Sehemu iliyozunguka rafu ilikuwa bado kijani, lakini majani yake yalikuwa yameanza kulegea.

"Ukifika juu ya mlango, basi," akasema. "Ni leo, au tumzike."

Nilinyoosha mkono kwenye mfuko wake niuchukue mkasi. Aliuvuta mfuko kifuani kama niliyetaka kumwibia mtoto.

"Huu haukati hata karatasi. Ukionja jani, hariri utaitafuna. Lete wembe mpya."

Nikaleta wembe. Tukasimama wawili chini ya mlango, wembe ukiwa katikati yetu juu ya kiganja changu.

"Kata," akasema.

"Kata wewe. Unajua."

"Kujua najua. Dada anasema mimi naua hata sufuria, ndiyo maana hajanipa kipande miaka yote hii. Lakini huyu ni mama yangu, siwezi kumtia wembe. Wewe ni mkwe tu."

"Mkwe ndiye asiyeweza zaidi."

"Basi tusubiri malaika aje akate."

Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati ya jirani. Nilimkumbuka mama mkwe jinsi alivyokuwa: mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, ambaye hakuwahi kuniagiza jambo mara mbili. Nikafikiri kwamba lau angekuwepo, asingestahi kama ninavyostahi mimi. Angesema, mwanangu, unaniacha nioze kwa sababu ya adabu?

Nikapiga bismillahi. Shemeji akalishika shina kwa mikono yake yote miwili, nami nikakata, upana wa kidole kimoja chini ya kifundo. Ndani palikuwa na duara la kahawia. "Panda juu," akasema. Nikakata tena, kahawia ikawa ndogo. Nikakata mara ya tatu, juu kabisa ya mlango, na ndani palikuwa peupe, pabichi, pasipo doa. Shemeji akasema alhamdulillahi kabla yangu.

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu. Jani moja, kifundo kimoja, kipande kimoja. Tulivilaza juu ya gazeti vidonda vikauke kidogo, kisha tukavitia katika bilauri na chupa za jamu, vifundo chini ya maji, majani juu. Vilipatikana kumi na moja. Kimoja nilimpa yeye. Alikifunga katika kitambaa alichokitoa mfukoni na kukilowesha, na sikuhitaji kumwambia ni nani mwingine aliyewahi kufunga hivyo.

Alipoondoka nilizungusha kamba tupu na kuitia katika droo. Misumari imebaki ukutani. Nimeswali isha nikiwa na ukuta mtupu mbele yangu, na sikujua kwamba ukuta ule ni mkubwa kiasi hicho.

Ijumaa, 20 Novemba

Nimemwambia. Sikungoja swali.

"Mke wangu, mkwe wangu nimemzamisha."

Nilisikia mvua ya huko kwao katika simu, na mvua ya huku nje ya dirisha.

"Kwa maji gani?"

"Ya udhu. Sikutaka yapotee."

Kimya kirefu, kisha mkoromo ambao niliudhania kilio. Binti yetu akaichukua simu. "Baba, umemwambia nini mama? Anacheka mpaka ameshika nyonga."

Alipoirudia simu, pumzi ilikuwa bado haijakaa sawa. "Umekata?"

"Nimekata."

"Wewe mwenyewe? Na vifundo?"

"Kila kimoja na kifundo chake."

"Haya, Mwalimu. Kikiota hata kimoja, nitarudi nafurahi. Kisipoota, nitarudi tu."

Nalala leo na moyo mwepesi.

Jumapili, 22 Novemba

Shemeji amepita. Amesema dada yake alimpigia usiku ule ule na akalia sana.

"Kwangu alicheka," nikasema.

"Alikucheka wewe. Mama ndiye aliyemlilia."

Nimebadilisha maji ya bilauri zote.

Jumatano, 25 Novemba

Vipande viwili vimelainika na maji yametibuka. Nimevitoa.

Ijumaa, 27 Novemba

Kingine. Mke wangu ameuliza, nami nimemtajia idadi bila kupunguza wala kuongeza. Akasema, "Kuna mwanga hapo ulipoviweka?" Nikasema mwanga haupo popote, ni mawingu. Akasema huko pia.

Jumatatu, 30 Novemba

Shemeji amenikuta nikikiinua kipande kutoka majini nikichunguze chini.

"Unafanya hivyo mara ngapi?"

Jibu alilijua mwenyewe. Alikuwa amekwisha nihesabia nyakati za swala.

"Shemeji, hata kuku ukimwinua kila saa hakalii mayai. Swali, urudi kwenye vitabu vyako, viache."

Nimehamia chumba cha nyuma na kitabu. Ni vigumu kuliko nilivyodhani. Maisha yangu yote nimeamini kwamba kukitunza kitu ni kukijia mara kwa mara, kwa nyakati zake zilizowekwa. Ibada ni hivyo, na kuhifadhi ni hivyo. Sasa kuna kitu ambacho utunzaji wake ni kukiacha, nami najifunza hilo kwa mtu niliyekuwa nikimwona hana subira ya kumaliza kikombe cha chai.

Alhamisi, 3 Desemba

Mvua. Vimebaki sita. Sikuvigusa.

Jumapili, 6 Desemba

Jua limetoka baada ya adhuhuri, muda mfupi tu, na limepita katika bilauri zote. Kwenye chupa ya jamu iliyo pembeni nimeona, bila kuigusa, kichomozi cha kahawia kimepasuka na ndani yake kuna ncha nyeupe.

Nimesujudu sijida ya shukrani pale pale penye vumbi la dirisha.

Jumanne, 8 Desemba

Viwili vingine vimetoa mizizi. Shemeji amesema chake, alichokiweka juu ya cherehani, kina jani jipya tayari. Amekuja nacho kunionyesha jani hilo, likiwa limejikunja bado, la kijani kibichi.

"Mwambie dada," akasema. "Mwambie sufuria zangu pia zi hai."

Ijumaa, 11 Desemba

Nimemwambia mke wangu: vitano vimeota, na kimoja cha mdogo wake kina jani. Amenyamaza. Safari hii nilijua kimya hicho ni cha nini, nikakaa nacho, simu sikioni, mpaka alipokuwa tayari.

"Daktari ameniruhusu," akasema. "Jumamosi ijayo."

Jumatatu, 14 Desemba

Tumepanda vitano katika chungu kile kile, baada ya kukisugua na kukianika. Udongo mpya, mkavu, wenye changarawe. Mwadhini alisimama mlangoni akauliza kwa nini tusiumwagilie sana mwanzoni ili ushike. Shemeji akamwambia, "Wewe adhini tu."

Jumamosi, 19 Desemba

Amerudi. Mvua zimekwisha, ngazi zilikuwa kavu. Alizipanda moja moja, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine begani kwangu, akipumzika kila kona ya ngazi bila kutaka kusaidiwa zaidi. Shemeji alikuwa nyuma akimwambia asipoanguka atamshonea gauni bure.

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu. Vipande vitano, vifupi, vimesimama katika duara kama watoto wanaongoja kusikilizwa somo. Kimoja kimeanza kukunjua jani jipya. Juu yao ulikuwa ukuta mtupu na misumari yake. Niliinamisha macho. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yaliyopangwa vizuri.

Hakuningoja. Alimpa mdogo wake fimbo, akashika ukingo wa chungu, akajaribu kuinama, nyonga ikakataa. Akanitazama. Nikaelewa, nikachomeka kidole changu katika udongo, nikakitoa na kumwonyesha.

"Kina udongo," nikasema.

"Ulikuwa ukiniona, kumbe."

"Nilikuwa nikiona. Sikuwa nikielewa."

Alicheka kidogo, akashika mkono ule wenye udongo, akaushikilia. "Mama alikuwa mfupi hivi hivi tulipohamia," akasema. "Umemrudisha utotoni tu." Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta wala hakuyaficha.

Kisha akaona dirishani bilauri yenye jani langu la kwanza, lile lisilo na kifundo, bado kijani, mizizi imejaa hata chini. Nilikuwa nimeshindwa kulitupa. Shemeji akamwambia kisa chake chote, kwa sauti yake ya ngazi nzima.

"Lina mizizi mingi na halina safari," mke wangu akasema. "Liwekeni karibu na vitabu vya Mwalimu, wazoeane."

Magharibi ilipofika nilikwenda kutawadha. Nilipotoka, birika lilikuwa mkononi na maji kidogo chini yake, na miguu yangu ikasimama mbele ya chungu kwa mazoea. Mke wangu alikuwa kitini kwake, amefumba macho, nami nikadhani amelala.

"Leo usimwagilie," akasema.

"Na kesho?"

"Kesho vilevile."

"Lini basi?"

"Nitakwambia."

Nimelirudisha birika mahali pake. Nitaambiwa.